Kalamu ya Bibi Salme na Ugomvi wa Madola juu ya Unguja

Vitabu vinavyozungumza habari za Unguja ya karne ya 19 ni vingi, walakini vilivyoandikwa na watu wa nyumba ya Seyyid Said wenyewe ni vichache mno. Kimojawapo, nacho ndicho mashuhuri kuliko vyote, kilitolewa Berlin katika mwaka wa 1886, kwa lugha ya Kijerumani, na mwanamke aliyejiita Emily Ruete. Huyu alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka wa 1844, na jina lake la kuzaliwa ni Salme binti Said bin Sultan. Jina la kitabu chake laweza kufasiriwa kuwa Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu. Kimetiwa katika Kiingereza zaidi ya mara moja, ya kwanza ikiwa mwaka wa 1888, na katika mwaka wa 1993 mtaalamu E. van Donzel alikitoa upya pamoja na maandiko mengine ya Bibi huyu ambayo hayakupigwa chapa alipokuwa hai.

Wasomaji wamekisoma kwa njia mbili. Wengine wamekifanya dirisha la kuchungulia nyumba ya wanawake wa Seyyid Said, wakaokota humo habari za mavazi, vyakula, harusi na maradhi. Wengine wamekifanya hadithi ya mapenzi ya binti wa mfalme na mfanya biashara wa Hamburg. Njia zote mbili zina faida yake, wala sikusudii kuzikebehi. Lakini naona kwamba zote mbili huliacha jambo moja kubwa, nalo ni kuwa kitabu hiki ni hati ya madai. Kiliandikwa na mtu mwenye haja, kikatolewa wakati madola mawili yalipokuwa yakiishika Unguja huku na huku kama watu wawili waishikao nguo moja, na mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kutiwa katika ugomvi huo. Asiyelikumbuka hilo atazichukua kurasa zake za mwisho kuwa ni historia, nazo sizo.

Ugomvi wenyewe yatupasa kuukumbuka kwa kifupi, maana Bibi Salme hauelezi ila kwa upande mmoja. Seyyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856 akitoka Maskati kurudi Unguja. Wanawe wakagawanyika, Thuwaini akabaki na Maskati na Majid akashika Unguja. Mwaka wa 1861 Lord Canning, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Kiingereza huko Bara Hindi, aliamua kuwa nchi hizi mbili zitengane, na Unguja imlipe Maskati reali 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Machi 1862, Uingereza na Ufaransa ziliandikiana ahadi huko Paris ya kuheshimu uhuru wa masultani wote wawili. Msomaji na aangalie vizuri: ahadi hii waliwekeana wao kwa wao, na wenye nchi hawakuwamo. Uhuru unaotunzwa na jirani wawili wanaochungana hudumu maadamu wachungaji ni hao wawili tu. Alipotokea wa tatu, mambo yakageuka.

Huyo wa tatu alikuwa Mjerumani. Mwishoni mwa mwaka wa 1884 Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya karatasi zenye alama za machifu, na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari akatoa waraka wa kuzilinda nchi hizo. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870, akapinga. Jawabu lake lilikuja tarehe 7 Agosti 1885, manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya mji na kuielekeza mizinga kwenye jumba. Yaliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kumwachia Sultani visiwa vyake, ukanda wa pwani wa maili kumi tu kwenda bara, na miji michache ya Benadir. Kichekesho kilichomo katika mapatano hayo ni kwamba Ujerumani nayo ilikubali kuingia katika ahadi ile ya 1862 ya kuheshimu uhuru wa Unguja, katika karatasi ileile iliyoikata nchi vipande. Mwaka wa 1888 Mrima ukakodishwa kwa kampuni ya Kijerumani. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Unguja na Pemba na kupewa kisiwa cha Heligoland. Sultani akalipwa marki milioni nne kwa pwani aliyokuwa ameipoteza. Na mwezi wa Novemba mwaka huohuo himaya ya Kiingereza ikatangazwa.

Sasa turudi kwenye kitabu. Katika dibaji yake, aliyoiandika mwezi wa Mei 1886, Bibi Salme asema kwamba alianza kuandika miaka tisa kabla yake, kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua asili ya mama yao ila kwa uchache. Wala hakukusudia wakati ule kuyatoa maneno yake kwa watu wote. Maneno haya nayaamini, kwa sababu kitabu chenyewe kinayashuhudia. Ukikisoma kwa utulivu utaona tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya mama anayewasimulia wanawe. Tabaka ya pili ni ya mdai anayesema mbele ya baraza la Ulaya. Mshono wa tabaka hizi hauonekani katika mahali pamoja, lakini sauti hubadilika, na mwenye sikio hulisikia badiliko hilo.

Tabaka ya kwanza ndiyo iliyo bora. Jumba la Mtoni tunalipata lote: ua wake mpana wenye wanyama na ndege, mto unaopita karibu, mabirika ya kuogea, na ule mnara wa mviringo uliokuwa upande wa bahari, ambao Seyyid Said alikuwa akienda na kurudi humo akiwa ameinamisha kichwa. Watu wa jumba asema walikuwa kiasi cha elfu moja. Aliyelitawala ni Bibi Azza binti Sef wa ukoo wa Oman, mke mkuu asiye na mtoto, mwanamke mdogo wa kimo ambaye hata Seyyid mwenyewe alimwachia amri. Watoto wa Seyyid waliobaki hai alipokufa walikuwa 36, na wote walizaliwa na masuria. Hapa mwandishi hana haja na mtu. Hamtetei wala hamshitaki yeyote, naye anasahau hata kuwa msomaji wake ni Mzungu. Au akikumbuka, humwambia kwa ukali kidogo kwamba hayajui mambo ya Mashariki, kisha huendelea na hadithi yake.

Katika sehemu hii kuna habari moja ambayo nadhani ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Binti za Seyyid walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ustadi huo aliupata kwa mchezo wa utoto, na ndio uliomtia katika siasa kabla hajatimiza miaka kumi na sita. Mwaka wa 1859 Barghash aliinuka kumpinga nduguye Majid. Dada yake Khole alikuwa katika shauri hilo, akamvuta na Salme. Na kwa kuwa waliohitajika ni watu wa kuandika, binti huyu akawa katibu wa waasi. Barua za kutafuta watu, silaha na baruti zilitoka katika mkono wake. Uasi ulishindwa. Barghash alikimbilia shamba lililoitwa Marseille, jina la mji wa Ufaransa, alilolipa marehemu nduguye Khalid kwa kuvipenda vitu vya Kifaransa. Na aliyekuja kulimaliza jambo hilo ni askari wa manowari ya Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Balozi wa Ufaransa alikuwa akielekea upande wa waasi, na balozi wa Uingereza, Rigby, upande wa Majid. Hivyo ugomvi wa ndugu kwa ndugu ulikuwa tayari, tangu wakati ule, ni ugomvi wa bendera mbili.

Bibi Salme huusimulia uasi huo kwa majuto ya kweli, nami sioni ukurasa mwingine alipojihukumu namna hii. Alimwasi Majid, ambaye alikuwa amemtendea wema, kwa ajili ya Barghash, Majid akamsamehe, na Barghash, aliyeandikiwa barua zile, ndiye aliyekuja kumkana. Lakini tazama analoliacha. Majuto yake ni ya nyumbani tu: amemkosea ndugu. Kwamba uasi ule uliwapa Waingereza nafasi ya kuonyesha kuwa kiti cha Unguja hakikaliki bila mizinga yao, hilo halisemi waziwazi. Labda mwaka 1859 asingeweza kuliona. Mwaka 1886 angeweza.

Nikiendelea na tabaka hii ya kwanza, sina budi kusema juu ya mlango alioandika kuhusu utumwa, kwa sababu mlango huu umewaudhi wengi, na haki yao kuudhika. Bibi Salme atetea utumwa wa Mashariki. Asema kwamba Wazungu wanaupima kwa kipimo cha Amerika, kwamba mtumwa wa Mwarabu hatesi kama wanavyodhani, na kwamba kuwafungulia watumwa ghafula ni kuwapoteza. Maneno hayo yalikuwa yakisemwa na wenye mashamba wengi wa wakati wake, wala hayana mapya. Lakini kitabu chenyewe kinayavunja. Katika mlango wa mwanzo mwandishi alisimulia habari za mama yake, Jilfidan, Mcherkesi, aliyenyakuliwa kwao akiwa mtoto, wazazi wake wakauawa, akatenganishwa na kaka na dada yake asiwaone tena, akaingia katika nyumba ya Seyyid Said angali mdogo hata jino lake la kwanza likang'okea humo. Hakuna ukurasa katika kitabu wenye huruma kuliko huo. Msomaji aliyeusoma hawezi tena kuusadiki mlango wa utumwa, hata mwandishi angetoa hoja mia. Mwandishi hakuona kwamba amejijibu mwenyewe. Na kama mama aliyeishi katika raha ya jumba alibeba jeraha hilo hata kufa kwake mwaka 1859, basi yule mchuma karafuu wa Kizimbani au Bububu, aliyenyakuliwa Nyasa au Manyema, ambaye katika kitabu hana jina, alibeba nini?

Tuingie sasa katika tabaka ya pili. Salme aliondoka Unguja mwezi wa Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza Highflyer, baada ya kusaidiwa na mke wa kaimu wa balozi wa Uingereza. Akabatizwa Aden mwaka uliofuata, akaolewa siku hiyohiyo na Heinrich Ruete, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa, akamwachia watoto watatu wadogo na mali isiyotosha. Tangu hapo dai lake ni moja: urithi wake katika nyumba ya baba yake. Kwa dai hili alikwenda London mwaka 1875, Seyyid Barghash alipoitembelea Uingereza. Sir Bartle Frere, yuleyule aliyekuja Unguja mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkabili na kumtaka achague: aidha ajaribu kupatana na nduguye, au aache kumwona na watoto wake wataangaliwa. Akachagua watoto. Ahadi ile haikutimizwa. Mlango huu umeandikwa kwa uchungu uliozuiwa, na uchungu huo una haki. Uingereza wakati ule ilimhitaji Barghash awe radhi, maana alikuwa amekwisha kutia sahihi mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa, na dada aliyeingia Ukristo angemtibua. Walimtoa njiani kwa maneno.

Lakini uchungu wa haki waweza kumpofusha mtu. Kutoka mwaka 1875 kwenda mbele, kila baya analolipata Bibi Salme hulitia mkononi mwa Mwingereza, na hasa mkononi mwa John Kirk. Alipoletwa Unguja mwezi wa Agosti 1885 kwa meli Adler, nyuma ya manowari za Bismarck, asiweze kuonana na nduguye, yeye aliona kuwa Waingereza ndio wanaomshikilia Barghash asilainike. Hapa ndipo mwanahistoria apasapo kumsimamisha. Mwezi uleule wa Agosti 1885 serikali ya London, iliyokuwa chini ya Lord Salisbury, haikuwa ikimzuia Bismarck, ilikuwa ikimsaidia. Uingereza ilikuwa na shida zake Misri na ikauhitaji urafiki wa Berlin. Kirk, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemwahidi Barghash kuwa rafiki zake ni Waingereza, aliagizwa amshauri akubali matakwa ya Wajerumani, naye akatii. Yaani yule mtu ambaye Bibi Salme amwona kuwa adui yake mkubwa alikuwa wakati ule akifanya kazi ya bwana zake Bibi Salme. Barghash alikubali juu ya bara. Juu ya dada yake hakukubali.

Na Wajerumani je? Juu yao kitabu kina heshima na shukrani. Twaweza kumwelewa: alikuwa mjane chini ya sheria zao, na watoto wake walikuwa wao. Lakini hebu tupime kwa matendo. Kwa miaka mingi aliwaandikia Berlin asijibiwe la maana. Ghafula, mwaka 1885, anaitwa na kuambiwa ajitayarishe kwa safari. Je, ni huruma iliyowashika? Bismarck alikuwa na faida mbili kwa kumleta. Kama Sultani angemdhuru, raia wa Ujerumani amedhuriwa, na mizinga ingekuwa na sababu mbele ya dunia. Na kama asingemdhuru, bado alikuwako chomboni binti wa Seyyid Said mwenye mtoto wa kiume, na Barghash angefahamu maana yake. Alipopata juu ya bara alichokitaka, Bismarck aliliacha dai la urithi. Mkataba wa biashara na Ujerumani ulitiwa sahihi tarehe 20 Desemba 1885, na Bibi Salme alikuwa amekwisha kurudi Ulaya mikono mitupu. Alitolewa Unguja na manowari ya Kiingereza, akarudishwa na msafara wa manowari za Kijerumani, na katika safari zote mbili nahodha alikuwa na shauri lake.

Kuna jambo jingine ambalo wafasiri wa Kizungu hawalitilii maanani, nalo kwa msomaji wa pwani ni la kwanza. Kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini hamrithi Muislamu. Urithi wa baba yake na wa mama yake Salme alikwisha kuupokea kabla ya kuondoka. Alichodai baadaye ni hasa mafungu ya ndugu waliokufa akiwa amekwisha kubatizwa, kama Majid aliyekufa 1870 na Khole aliyekufa 1875. Kadhi wa Unguja asingehitaji ushauri wa Kirk ili alikatae dai hilo. Kitabu, mbele ya wasomaji wake wa Berlin, huligeuza jambo la sheria kuwa jambo la moyo mgumu wa ndugu mmoja. Barghash alikuwa na moyo mgumu; hilo sitaki kulikana. Lakini hata angekuwa na moyo laini, asingeweza kumpa urithi bila ya kuwafungulia mlango wanavyuoni wake na Wamanga wake wa kumwuliza anatawala kwa sheria gani, tena katika mwaka ambao kila mtu mjini alikuwa akiitazama mizinga ya makafiri. Fedha kidogo alizotaka kumpa kuwa ni sadaka Bibi alizikataa, na kwa hadhi yake alifanya vema.

Ndiyo maana zile kurasa zinazohesabu ukatili wa Barghash mmoja mmoja, alivyomfunga nduguye Khalifa, alivyowatenda wanawake wa nyumba yake, yatupasa kuzisoma kwa tahadhari. Sisemi ni uwongo. Nasema zimepangwa kama mashitaka yapangwavyo, zikatolewa Berlin katika mwaka uleule ambao tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ilikuwa ikipita pwani kupima mpaka wa nchi ya mtu huyo. Kitabu kilichotaka kumdhuru ndugu kiliwafaa waliotaka kuinyang'anya nchi. Sidhani kuwa mwandishi alilitaka hili la pili. Mahali pengine anaipenda Unguja mpaka maneno yanamtoka kama kilio. Walakini maandishi yakishapigwa chapa hayamngojei mwandishi.

Ni vizuri kukiweka kitabu hiki pamoja na kingine kilichosimuliwa na mtu wa pwani wa wakati huo, nacho ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika kwa Kiswahili na kutolewa kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Tippu Tip hana machozi. Husimulia safari, vita, bei na uzito wa pembe kama mfanya biashara asomaye daftari lake. Lakini alipofika Unguja mwishoni mwa 1886 alimkuta Barghash amevunjika, akamwambia kwamba hana tena tamaa ya bara, kwa kuwa Wazungu wanaitaka hata Unguja yenyewe. Maneno machache hayo yana uzito kuliko mlango mzima wa Bibi Salme, kwa sababu aliyeyapokea hakuwa na dai. Humo twamwona Sultani kwa sura nyingine kabisa: si jabari aliyejifungia jumbani kwa ukaidi, bali mtu aliyekwisha kuelewa kuwa rafiki na adui wamepatana. Aliyefuata kupatana nao alikuwa Tippu Tip mwenyewe. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hilo nalo alilisimulia bila kujitetea, na namna hiyo ya kusimulia ndiyo inayokosekana katika tabaka ya pili ya kitabu cha Berlin.

Wala Unguja mjini haikuwa nchi yote. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, uliotolewa na J. W. T. Allen mwaka 1955, unatukumbusha kwamba gharama ya mapatano ya wakubwa ililipwa na watu wa Pangani, Saadani na Tanga. Mwezi wa Agosti 1888 watu wa kampuni ya Kijerumani walipoingia Pangani, ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya bendera: bendera ya Sultani iteremshwe au isiteremshwe, na ya kampuni ipandishwe wapi. Waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya bendera ile hawakuwa na urithi wowote katika nyumba ya Seyyid Said, na wengi wao hawakumpenda Mwarabu wa Unguja. Bushiri bin Salim mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Harthi, waliogombana na masultani tangu zamani. Aliuawa kwa kitanzi mwezi wa Desemba 1889. Mbele ya watu hawa dai la Bibi Salme laonekana dogo. Sisemi hivyo kwa kumdharau; nasema kwa sababu kitabu chake, kwa uzuri wake, kimewazoeza wasomaji wa Ulaya kuidhani historia ya Unguja kuwa ni habari ya dada na kaka.

Nina neno juu ya lugha. Bibi Salme aliandika Kijerumani alichojifunza akiwa mtu mzima, lakini maneno ya Kiswahili na ya Kiarabu yanachomoza kila mahali, yakiwa yameandikwa kwa herufi za Kijerumani. Dada yake Khole huandikwa "Chole", na msomaji wetu asiyejua matamshi ya Kijerumani atadhani ni kile kisiwa kilicho karibu na Mafia. Alitwambia pia kwamba mbele ya baba yake Kiarabu ndicho kilichotakiwa, lakini akigeuka tu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi na Kihabeshi vilisikika vikichanganyika. Habari hii ni ya thamani kwetu. Inaonyesha kwamba katika jumba la mfalme wa Kiarabu, katikati ya karne ya 19, Kiswahili kilikuwa lugha ya watoto na ya watumishi, na kwa hiyo lugha ya michezo na ya siri. Ingefaa mtu mwenye kukijua Kijerumani na lahaja ya mjini azikusanye istilahi zile zote za vyumba, vyombo, nguo na vyeo, moja baada ya moja. Yaliyomo humo juu ya Kiswahili cha Unguja cha miaka ya 1850 hayapatikani kwa urahisi mahali pengine.

Maandiko yake mengine, zile barua za kwenda nyumbani na nyongeza za kumbukumbu, yanaibadili hukumu yetu kwa sehemu. Humo Hamburg haisifiwi sana, na upweke wa mjane wa Kiarabu katika mji wa baridi umeelezwa bila pazia. Alijaribu mara nyingine Unguja mwaka 1888, akashindwa tena. Akaishi miaka mingi Jaffa na Beirut, mpaka 1914. Anayeyasoma maandiko haya baada ya kitabu cha 1886 atatambua kwamba heshima aliyowapa Wajerumani katika kitabu kile ilikuwa na kiasi chake, na kwamba mengine aliyaweka moyoni mpaka atakapokuwa hana la kuogopa. Kwa maoni yangu, barua hizo ndizo kazi yake iliyo bora baada ya milango ya Mtoni. Van Donzel alifanya jambo la maana kuzitia pamoja na kumbukumbu, ingawa kitabu kikubwa cha namna ile si rahisi kumfikia msomaji wa Unguja.

Mwezi wa Agosti 1896, Khalid bin Barghash aliposhika kiti bila ya ruhusa ya Waingereza, jumba lilipigwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na yeye akakimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani, ambao walimchukua kwa manowari mpaka Dar es Salaam. Mtoto wa Barghash, basi, alilindwa na dola ileile iliyomtisha baba yake kwa shangazi. Bibi Salme alifariki Jena mwaka 1924, akiwa amepewa katika miaka ya mwisho malipo madogo kutoka Unguja, nchi iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Miaka mitano baadaye mwanawe Rudolph Said-Ruete alitoa kitabu juu ya babu yake Seyyid Said. Mama alikuwa ameandika kwa Kijerumani, Berlin. Mwana akaandika kwa Kiingereza, London. Kitabu cha Kiswahili juu ya Seyyid huyohuyo, kilichotungwa Unguja kwa wasomaji wa Unguja, kilitoka mwaka 1942, kwa kalamu ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy.